Hadena Inafanana na Maji

Okoth, wuoda, mwanangu,

Begi lako liko mlangoni, wewe umeshalala, na mimi nimekaa mezani na kalamu kwa sababu moja tu: tukiongea ana kwa ana utaniambia "sawa, Mama" kabla sijafika katikati. Karatasi haijibiwi hivyo. Na ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo ndicho ninachokugombezea siku zote, na leo sitaki ugomvi.

Mambo ya chakula, kanisa, marafiki na kupiga simu nayaruka. Umekula, umesali na umechagua marafiki mbele yangu miaka yote hii, na kama hayo hayajaingia mpaka sasa, barua haitayaingiza. Nataka kusema kuhusu hadena, ile dawa ya kugandisha rezini. Na kuhusu Olal, kwa kuwa kesho jioni utakuwa chini ya paa lake huko Kehancha alikohamia, ukimtengenezea matanki ya maji na vihori vya kunyweshea ng'ombe, na habari ya jicho langu umeisikia zaidi kutoka kwa watu wake kuliko kutoka kwangu. Unaenda kufanya kazi mahali ambapo mtu haambiwi anachoshika. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Umbali si kitu, ningeweza kukufuata kwa miguu.

Hapa ufukweni wanasema Nyar Ndhiwa alijichoma kwa haraka zake. Binti wa Ndhiwa, ndivyo wanavyoniita mpaka leo, kana kwamba sijakaa Homa Bay kuliko wengi wao. Sikuwahi kuwajibu. Nilikuwa na boti za kutengeneza, na mtu mwenye kazi hana muda wa kujitetea kila anapokwenda kununua nyanya. Lakini kunyamaza kwangu kumefanywa ushahidi, na wewe umekua ukiusikia upande mmoja. Sasa sikia wa pili.

Nilianza kwa Olal, kwenye banda lake la boti hapa ufukweni, kama mtu wa kupiga msasa. Baba yako alikuwa ameshatutoka, wewe ulikuwa unatambaa, na mimi sikuwa na ujuzi wowote isipokuwa kulima na kuhesabu. Vumbi la faiba, zile nyuzi za kioo, liliniwasha shingo na mikono mpaka nikawa naoga kwa maji baridi na kulia. Kutoka msasa nikapandishwa kukata mikeka ya faiba, kutoka mikeka nikapewa brashi, na mwishowe nikapewa kuchanganya, kwa sababu Olal aliona kwamba mikono yangu haikosei vipimo.

Yeye mwenyewe alikuwa anapima hadena kwa vifuniko vya soda, tena kwa macho. Mchana anaweka viwili, asubuhi vitatu, kukiwa na mawingu "ongeza kidogo." Basi siku nyingine rezini, ule utomvu wa kushikanishia faiba, inaganda ndooni kabla hatujaipaka, siku nyingine inakaa kama uji mpaka jioni na nzi wanakwama ndani yake. Mimi nikaazima mizani ya muuza sukari. Nikajaribu, nikapata: kwa rezini kilo moja, hadena ni gramu kumi hadi ishirini. Yaani moja mpaka mbili kwa mia. Jua likiwa kali unakaribia moja, asubuhi ya baridi unakaribia mbili, na huvuki hapo. Olal alifurahi. Akaanza kuniita Kalkuleta. Mteja akiuliza boti yake itakauka lini, yeye anaonyesha kidole upande wangu: "Muulize Kalkuleta." Na mimi nilijivuna, nisikudanganye.

Nilijua ni kiasi gani. Ni kitu gani, sikujua, na kwa sababu nilikuwa nimeshapewa hilo jina, niliona haya kuuliza.

Wewe nimekufundisha, lakini ngoja niyaandike, yakae mahali. Hadena ni peroksaidi. Ndani yake kuna oksijeni iliyofungwa kwa kamba legevu, inatafuta sababu ya kutoka. Ikiingia kwenye rezini kwa kipimo chake, inaziamsha chembe za rezini zishikane mikono, na kitu kilichokuwa kinamwagika kinakuwa kigumu kama pembe. Rezini haikauki kama rangi. Inajipika, ndiyo maana kikombe kinapata joto mkononi mwako. Kobalti, ile ya zambarau, kazi yake ni kuiharakisha hadena ikiwa ndani ya rezini. Rezini ndiyo inayozituliza hizo mbili. Zikikutana peke yao hakuna wa kuzituliza.

Miaka hiyo rezini tuliyozoea ilikuwa inakuja ya rangi ya waridi, kobalti imeshatiwa ndani huko ilikotoka. Sisi tulikuwa tunaongeza hadena tu. Halafu mwenye duka wa Migori akaleta nyingine, nyeupe kama mafuta ya kupikia, na chupa ndogo ya zambarau pembeni. Hadena aliipunguza kutoka kwenye mtungi mkubwa akaitia kwenye chupa za maji ya kunywa, bila karatasi, bila alama. Olal akaniambia hii ya zambarau nayo ni dawa, weka kidogo kwa kila kilo kama ile nyingine. Akaenda zake kuongea na mwenye boti.

Boti yenyewe ilikuwa kubwa, ya watu wa kuvua usiku, na mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa. Nilikuwa na ndoo nyingi za kuchanganya kabla ya mvua. Nikapiga hesabu. Kwa nini nipime mara mbili kwa kila ndoo? Nikichanganya hizo dawa mbili mara moja, kwa uwiano wao, kwenye kopo moja, halafu nikawa nachota kipimo kimoja kwa kila ndoo, nitaokoa nusu ya kazi. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Hata leo ukinipa kalamu nitakuonyesha kwamba ilikuwa sahihi.

Nilikuwa na hadena kwenye kopo la plastiki, nikainama kusoma mstari huku namimina ile ya zambarau. Siku hizo nilikuwa nasoma mstari kwa kufumba jicho moja na kulisogeza lingine karibu. Ikatoka sauti, shii, kama mafuta yaliyopata maji. Kopo likapata moto, povu likaruka, na moshi. Nilishukuru baadaye kwamba nilikuwa nimemimina kidogo tu. Kama lingekuwa kopo zima, lingelipuka, na wewe ungelelewa na nyanya yako. Tone likaingia jicho la kulia.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo watu wanaporuka. Ziwa lilikuwa pale. Banda la Olal lilikuwa limejengwa karibu na maji kiasi kwamba mawimbi yakiwa makubwa yanatulowesha viatu. Nilikuwa nakimbilia maji. Mwili wangu ulikuwa unajua. Olal akanishika mikono yote miwili. "Usitie maji," akasema, "maji itasambaza. Leteni maziwa." Kwa sababu kwetu mtu akinywa sumu anapewa maziwa, akiumwa na nyoka kuna atakayesema maziwa, akiingiwa na kitu jichoni maziwa. Wakakimbia kwa mama wa chai. Alikuwa ametumia yote, wakaenda kwa mwingine. Mimi nimeshikwa, nasikia mawimbi, jicho linapikwa. Wakanitia maziwa, wakasubiri yafanye kazi, ndipo wakatafuta boda.

Hospitalini daktari hakuniuliza jina. Aliuliza, "Mliosha na maji?" Olal akajibu kwamba tulitia maziwa. Daktari alifungua bomba, akaniinamisha kichwa, akaniacha hapo muda mrefu mpaka maji yakaingia sikioni na nguo zikalowa. Baadaye aliniambia kwamba hadena haisubiri. Inachoma ikishagusa tu, na ile dakika ya kwanza ndiyo dawa yenyewe. Maji mengi, mara hiyo hiyo, zaidi ya robo saa, kope zimefunuliwa kwa vidole hata kama mtu analia, halafu ndipo aende hospitali. Maji ya ziwa yangefaa? nikamuuliza. Akaniambia uchafu wa ziwa tungeutibu kwa dawa za kawaida.

Niliporudi kazini na bandeji, jicho limeshapotea, nilikuta mtu mwingine anashika mizani. Nikamuuliza Olal kwa nini hakuniambia kwamba hizo mbili hazikutani. Alikuwa anajua, Okoth. Alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake kopo likiruka, huko alikojifunzia kazi. Akaniambia, "Nilidhani unajua."

Hiyo ndiyo kesi yangu na Olal. Maziwa nilimsamehe zamani. Alinishika mikono akiamini ananiokoa. Kunitoa kazini pia nilimeza. Lakini alikwenda akawaambia watu kwamba ni haraka ya wanawake, ilhali yeye ndiye aliyekuwa na neno moja mdomoni na hakulitoa.

Mimi nami sikutoka hapo nikiwa na hekima yote. Nilipofungua kibanda changu, mwanzoni nilikuwa naiogopa hadena mpaka nikaipunja. Kila ndoo niliweka chini ya kipimo, nikijiambia ni heri polepole. Unamkumbuka yule mvuvi wa Magunga aliyekuja akipiga kelele? Boti yake ilikuwa laini tumboni. Unabonyeza kwa kidole gumba inaingia, kama papai. Hadena ikiwa chache mno, rezini haimalizi kujipika, hata uisubiri mwaka, na ukiiongezea juu haisaidii. Alikuwa amevuka nayo na watu ndani. Akaniambia mbele ya wote, "Mama, boti umenipikia nusu." Nilichana ile boti yote, nikaanza upya. Woga ukiingia kwenye kipimo ni kosa kama haraka. Tangu siku hiyo napima kwa sirinji ya plastiki ya agroveti, duka la dawa za mifugo, na hata sirinji usiizoee, mpira wake huvimba kwa sababu ya hadena na kuanza kudanganya. Badilisha mara kwa mara.

Na lile doa jeusi kwenye ukuta wa kibanda, ambalo ukiuliza nasema ni jiko, halikuwa jiko. Nilimwaga hadena kidogo, nikaifuta kwa kitambaa na unga wa mbao, nikatupa vyote pembeni nikaenda kunywa chai. Hakuna aliyewasha kitu. Iliwaka yenyewe. Siku hizi kitambaa cha hadena unaniona nakilowesha kwenye maji kabla ya kukitupa nje, na wewe unacheka kwamba Mama anafua takataka. Cheka tu, lakini fua.

Kuna jingine, na hili silipendi kuliandika. Wewe huwa unawaambia binamu zako kwamba Mama aliwahi kukupiga bila sababu, kwa kushika chupa ya maji. Wanacheka, na mimi nacheka nao. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza chekechea. Ulirudi na kiu. Mimi, baada ya kupoteza jicho kwa chupa isiyo na alama, nilikuwa nimeweka hadena ndani ya nyumba, kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa sababu kule kibandani kulikuwa na jua kali na hadena haitaki joto. Nilikuwa nafikiria hadena, sikukufikiria wewe. Nilikuta umeshafungua kifuniko na chupa iko karibu na mdomo. Ile harufu yake kali ndiyo iliyokufanya usite. Nilikunyang'anya, nikakupiga, nikakupiga tena. Ungemeza, ingekuchoma koo mpaka tumboni, na hakuna maziwa ambayo yangekurudisha. Wa kupigwa nilikuwa mimi. Ulilia ukauliza umefanya nini, nami sikukujibu, na sijakujibu mpaka leo. Hukufanya kitu. Hadena inafanana na maji, na mama yako aliiweka penye maji.

Kwa hiyo hadena inakaa kwenye mtungi wake ilimotoka, wenye kifuniko kinachopumua. Ukiitia kwenye chupa ya soda ukaikaza, chupa inavimba. Kivulini, mbali na kobalti, mbali na misumari na kutu. Iliyobaki kwenye kikombe hairudi mtungini hata kama unaona ni nzuri.

Kehancha utakuta jambo ambalo huku hatulijui. Kuko juu, asubuhi kuna baridi. Kipimo cha Homa Bay kitakufanya uonekane mvivu. Tanki litakataa kuganda na Olal ataanza kuzunguka akiangalia saa. Atakuambia ongeza. Ongeza mpaka mbili kwa mia, halafu acha. Zaidi ya hapo tanki litapata joto ndani, litafanya nyufa za nywele ambazo huzioni mpaka mchungaji alijaze maji. Subiri jua lipige mabati, au anza na kazi ya msasa asubuhi na uchanganye baadaye. Usikubali mtu alete jiko la makaa kupasha chumba, mvuke wa rezini unashika moto kutoka mbali. Na chini ya tanki, penye unene, usilaze mikeka yote kwa siku moja. Rezini nene inajichemsha. Ikibaki kwenye ndoo ikaanza kutoa moshi, usiipige picha, itoe nje uimwage mchangani.

Utauliza kama yote hayo ninayajua na sijamsamehe Olal, kwa nini nimekubali uende. Ulikuwepo alipokuja, lakini ulikuwa unakuna shingo ukitazama chini, kwa hiyo nitakukumbusha. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mkate na sukari magotini, amekonda. Akasema mikono yake imeanza kutetemeka, oda za matanki ni nyingi, na hao wafanyakazi wake wapya wana nguvu lakini hawana vipimo. Anamtaka Okoth. Nikamuuliza, hao wapya, nani huwaambia kuhusu hadena?

"Ah, hao ni watu wazima, Nyar Ndhiwa. Wanaishika kila siku. Wanajua."

"Nani aliwaambia?"

"Hiyo maneno ya zamani bado unabeba?"

"Jicho moja tu ndilo nisilolibeba. Mengine yote ninayo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mama," akasema, "hadena haikugusa ulimi."

Karibu nicheke. Olal si mtu mbaya, na kwa kutengeneza kalibu, yale maumbo ya kulazia faiba, sijaona mkono kama wake. Nenda ukaujifunze ule mkono, mimi sina wa kukupa. Kibanda changu kina kalibu mbili za boti na umeshazimaliza. Lakini ulisikia alivyojibu. Miaka yote hii, jicho la mtu, na bado anadhani wanajua.

Na ukaniangusha kidogo hapo, maana baada ya yeye kuondoka uliniambia, "Usijali, Mama, mimi najua." Kwamba unajua sina wasiwasi nalo. Nimekufundisha mwenyewe. Mimi namwogopea yule atakayekuwa karibu nawe, anayekuona wewe hodari na kuona haya kuuliza. Utakuwa na kazi nyingi, mvua inakuja, mteja amesimama, na utasahau kumwambia. Hutakuwa na nia mbaya. Olal pia hakuwa nayo.

Ninachotaka ni hiki. Siku ya kwanza, kabla hujavaa glavu, simama mbele ya wafanyakazi wote, Olal akiwepo. Waambie kwamba hadena na kobalti hazikutani nje ya rezini, hata tone. Waambie ikiingia jichoni ni maji, mara moja, kabla ya kumwita mtu yeyote, na atakayesema maziwa wamsogeze pembeni. Kila mmoja akurudishie kwa mdomo wake, kwa lugha yake, mpaka uridhike. Halafu uliza pipa la maji liko wapi. Kama hakuna, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, kabla ya tanki lolote. Sisi tulikuwa na ziwa zima na halikunisaidia. Kehancha hakuna ziwa.

Olal atakasirika. Atasema umekuja kumfundisha kazi mbele ya watu wake. Atasema umetumwa na mama yako, na hapo atakuwa amesema kweli, usibishe. Muite Baba, mpe heshima yake, lakini usimalizie sentensi katikati.

Akikufukuza kwa sababu hiyo, panda gari siku hiyohiyo urudi. Nitachinja kuku na sitakuuliza swali hata moja. Akikufukuza kwa uvivu, utembee.

Mama yako.